Swala Hatikisi Kikombe

Kila Ijumaa baada ya sala, mlango wa nyumba ya akina Ghaliya pale Qurum, mjini Maskati, hujaa viatu. Ni wageni wa bibi yake, Bi Nasriya: mashoga zake wa tangu Unguja, watoto wa mashoga, na wakati mwingine watu ambao hata yeye mwenyewe hakumbuki wanahusianaje naye. Wote hupokewa sawasawa. Tende hutangulia, kisha halua, kisha kahawa. Na kumimina kahawa ilikuwa kazi ya Ghaliya.

Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi hiyo hakuwa tayari kumwachia mtu. Dele la kahawa alilishika kwa mkono wa kushoto, kikombe kwa mkono wa kulia, na kahawa akaimimina kidogo tu, maana kukijaza kikombe ni kama kumwambia mgeni anywe aondoke zake. Mgeni akikirudisha kikombe kimya, unamimina tena. Akikitikisa kwa vidole, kulia na kushoto, basi ametosheka, nawe unapita kwa mwingine. Hakuna anayehitaji kusema neno.

Mwaka uliopita alikuja fundi wa kiyoyozi, kijana asiyejua mila hizi. Akawa anakunywa na kurudisha kikombe bila kutikisa, na Ghaliya akawa anamimina. Vilifika vikombe kumi na kimoja. Fundi alitoka pale macho yamemkodoka, na kiyoyozi akakitengeneza kwa dakika kumi. Bi Nasriya alicheka mpaka machozi yakamtoka, lakini hakumlaumu mjukuu wake.

"Umefanya ndivyo," alimwambia. "Mgeni haulizwi kama ameshiba. Unampa mpaka mwenyewe atikise."

Ghaliya alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Hakujua kwamba siku moja litamponza.

Jumamosi moja ya mwezi wa Disemba, joto la Maskati lilipokwisha kupungua na watu wameanza kukumbuka kwamba kuna nje, baba yake, Bwana Thani, aliamua kuwapeleka kwenye shamba la Mzee Murshid, kando ya barabara iendayo Quriyat. Mzee Murshid alikuwa rafiki wa marehemu babu yake Ghaliya. Wenzake walipostaafu walinunua mashua, au walianza kulalamika. Yeye alinunua swala. Sasa alikuwa nao zaidi ya thelathini, wale swala wadogo wa rangi ya mchanga wenye matumbo meupe, na siku za mapumziko aliziruhusu familia kuja kuwatazama na kuwalisha.

Safari hiyo alikuwemo pia Jawaher, binamu yake Ghaliya, wa rika lake, ambaye simu haikumtoka mkononi. Bi Nasriya naye aliketi mbele, amepakata kikapu. Alikuwa ameamka kabla ya alfajiri kuoka mikate ya ufuta kumi na miwili: minne ya kumpelekea mwenyeji, na minane ya watoto, akaitia ndani ya mkebe pamoja na tende. Aliwaambia wasimrudishie hata kipande, maana chakula kinachorudi nyumbani humfanya mpishi ajiulize amekosea wapi.

Lakini njiani Bwana Thani alisimama kwenye kituo cha petroli, akawanunulia watoto chapati nyembamba za jibini na asali. Wakala, wakashiba. Mkebe wa mikate ukabaki nyuma ya kiti, haujafunguliwa.

Langoni mwa shamba palikuwa na bango kubwa lililowakataza wageni kuwapa wanyama chakula walichokuja nacho. Aliyewapokea alikuwa Peninah, mwanamke Mkenya mrefu, mwenye viatu vya mpira na sauti ya upole. Alikuwa amekulia kwao Baringo katikati ya mbuzi wa baba yake, na mwaka wa nne sasa ndiye aliyekuwa mtunzaji wa swala wa Mzee Murshid. Aliwajua wote kwa majina. Aliwachotea watoto majani makavu kutoka kwenye ndoo, konzi moja kwa kila mmoja, akawaonyesha namna ya kunyoosha kiganja ili vidole visiumwe.

Swala walikuja taratibu, masikio yakichezacheza. Midomo yao ilikuwa laini na yenye joto, na Ghaliya alisisimka mpaka akaacha kupumua. Konzi ikaisha mara moja. Akaomba nyingine.

"Hapana, mami," alisema Peninah. "Kila mgeni konzi moja. Tumbo la swala ni kama jungu linalochemka polepole. Ukitia kitu kingine, ama ukizidisha, linafura, na hapo unaweza kumpoteza."

Ghaliya aliitikia kwa kichwa, lakini moyoni hakuridhika. Konzi moja! Kwao hata paka wa jirani hapewi kidogo hivyo. Aliona ni ubahili, ingawa hakuthubutu kusema.

Kisha Peninah akawapeleka kwenye kizizi kidogo chini ya mgunga, mbali kidogo na kundi, alikokuwa swala mmoja peke yake. Aliitwa Lulu. Alikuwa na mimba, amebakiza kama majuma matatu kuzaa. Mwaka uliopita mtoto wake alizaliwa mfu, na Mzee Murshid alikaa siku mbili bila kutaka mazungumzo na mtu. Safari hii walimtenga ili Peninah amtazame kwa karibu, asubuhi na jioni.

"Huyu ni wa Mzee kabisa," alisema Peninah. "Akiamka, anauliza habari za Lulu kabla hajauliza habari za watoto wake."

Baada ya hapo watu wazima waliingia barazani kunywa kahawa na Mzee Murshid, Peninah akaenda kusafisha vyombo vya maji, na Jawaher akapotelea upande wa pili wa shamba kupiga picha. Ghaliya alibaki kwenye kizizi cha Lulu. Swala alimsogelea, akatia pua yake kwenye kiganja kitupu, akakilamba. Akakilamba tena. Macho yake meusi yalimtazama moja kwa moja, na Ghaliya akaona haya, haya hasa, kama mtu aliyemkaribisha mgeni halafu akakuta hana kitu jikoni.

Gari lilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Akaukumbuka mkebe.

Bango alilikumbuka pia, tusimsingizie kwamba alisahau. Ila alijiambia kwamba bango ni la wale wanaokuja na viazi vya pakiti na takataka nyingine za dukani. Mikate ya Bi Nasriya si takataka. Ilitengenezwa kwa unga safi na tui la nazi, na Mzee Murshid mwenyewe wakati huo alikuwa anaila barazani. Mtu akitaka kufanya jambo, sababu hazimpigi chenga.

Alimmegea Lulu kipande. Kikaliwa. Akamega kingine. Mkate wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha, na kila mara Ghaliya alisubiri Lulu ageuze kichwa au arudi nyuma, aonyeshe kwa namna yoyote kwamba ametosheka. Lulu hakugeuza kichwa. Mkate wa tano, wa sita. Asiyetikisa hajashiba, Ghaliya alijiambia, na furaha ikamjaa kifuani kwa kuwa mwenyeji mwema. Mikate ilipokwisha akampa tende zote zilizokuwa ndani ya mkebe, na kokwa zake. Lulu alikula mpaka ya mwisho, kisha akaenda kwenye ndoo yake akanywa maji kwa muda mrefu sana.

Ghaliya aliufunika mkebe mtupu na kuurudisha garini.

Wakati wa chakula cha mchana Bi Nasriya alikwenda kuchukua miwani yake garini, akarudi amebeba mkebe, uso umenawiri. Akamwonyesha kila mtu ndani yake. Watoto wamekula mikate minane, alisema, mashallah, hawajabakisha hata chembe. Jawaher alifungua kinywa kwa mshangao, maana yeye hakula hata mmoja. Ghaliya akamfinya pembeni mwa sinia la wali.

"Nimekula mimi, Bibi," alisema Ghaliya. "Ilikuwa mitamu."

Uongo ule ulitoka kwa wepesi, kama mtu anavyotoa funza kwenye tende. Kisha, kwa kuwa alikuwa na njaa, akala wali na samaki kwa bidii. Baba yake alimtania kwamba mtu aliyekula mikate minane na bado anafukuzia samaki, mwaka huu atawafilisi. Wote wakacheka. Ghaliya naye alicheka, ila kicheko chake kiliwahi kuisha.

Baada ya sala ya alasiri walikuwa wamerudi barazani, wakijiandaa kuaga, Peninah alipotokea mlangoni akihema. Alimwambia Mzee Murshid kwamba Lulu amelala chini na hataki kuinuka.

Wakaenda wote. Lulu alikuwa amelala ubavu, shingo ameinyoosha mchangani. Upande wa kushoto wa tumbo lake ulikuwa umevimba na kukaza, na Peninah alipoupiga kwa vidole ulitoa sauti ya ngoma. Swala alisaga meno na kukoroma kidogo kidogo. Ghaliya alitazama lile tumbo, akarudi nyuma hatua moja.

Mzee Murshid alimpigia simu Daktari Kawthar, daktari wa mifugo wa Quriyat, akaiweka kwenye sauti ya wazi ili wote wasikie. Daktari alisema anaondoka sasa hivi, lakini atachukua karibu saa nzima, na huenda saa nzima ikawa nyingi. Akaeleza pole pole. Ikiwa Lulu amekula majani mabichi yenye unyevu, wampe mafuta mara moja. Lakini ikiwa amekula nafaka au kitu cha unga, mafuta hayatasaidia. Huyo anahitaji dawa nyingine, na maji yaondolewe mbele yake. Wakikosea watapoteza muda ambao swala hana.

"Kwa hivyo nambieni," sauti ya daktari ilisema. "Amekula nini?"

Mzee Murshid alimgeukia Peninah. Juma lililopita tu alikuwa amemwonya kuhusu majani mabichi yaliyoachwa karibu na kizizi.

"Mzee, mimi sijampatia majani mabichi," alisema Peninah. "Asubuhi nilimpatia yale makavu, kiasi chake cha kila siku, na maji. Basi. Haki ya Mungu."

"Basi yameingiaje tumboni?" aliuliza Mzee Murshid. Hakupaza sauti, na ilikuwa afadhali angepaza. "Funguo za kizizi unazo wewe. Nilikwambia juma lililopita, Peninah. Mtu haonywi mara mbili. Kesho tutazungumza habari ya kazi yako. Sasa niletee mafuta."

 Peninah alipiga magoti, akakiinua kichwa cha Lulu na kukiweka juu ya paja lake, akampangusa mchanga machoni kwa ncha ya kitambaa chake. Ndipo akainuka kwenda kuchukua mafuta.

Jawaher alisogea, akamnong'oneza binamu yake. "Ghaliya. Ile mikate."

Ghaliya alijua. Alikuwa amekwisha kujua tangu lile tumbo lilipotoa sauti. Alimtazama bibi yake, ambaye saa mbili zilizopita alikuwa akiwaonyesha watu mkebe kwa fahari. Alimtazama baba yake, na Mzee Murshid ambaye uso wake ulikuwa umesawijika. Akisema, watamtazama yeye hivyo hivyo. Akinyamaza, huenda daktari akafika mapema, huenda Lulu akapona mwenyewe, na hakuna atakayejua. Lakini Lulu alisaga meno tena, na Peninah alikuwa tayari anarudi mbio na chupa ya mafuta, mafuta yasiyofaa, ambayo Ghaliya peke yake hapo ndiye aliyejua kwamba hayafai.

"Babu Murshid," alisema. Akamsogelea mpaka karibu. "Babu Murshid, siyo Dada Peninah. Ni mimi. Nimempa mkate."

 Daktari ndiye aliyeuliza kutoka kwenye simu: mikate mingapi?

Ghaliya alitaka kusema michache. Neno lilikuwa limekwisha kufika kwenye ulimi, na lingekuwa nusu ya kweli, au robo. Alilimeza.

"Minane," alisema. "Ya ufuta. Na tende, za mkebe mzima, na kokwa zake. Kisha alikunywa maji mengi."

"Saa ngapi?"

"Kabla ya adhuhuri. Mlipokuwa mnakunywa kahawa."

"Vizuri," alisema daktari, na Ghaliya hakuelewa kwa nini mtu aseme vizuri wakati kama huo. "Acheni mafuta. Ondoeni maji. Jikoni kuna soda ya kuumulia maandazi?"

 Bi Nasriya alikuwa amekwisha kuanza kutembea kwenda jikoni, na kwa mwanamke wa miaka sabini na mitano alitembea upesi sana. Alirudi kutoka jikoni na kopo la soda, bakuli na maji ya uvuguvugu. Daktari aliwatajia kipimo. Peninah alivuta mchanganyiko kwa bomba kubwa la sindano lisilo na sindano, akamtia Lulu pembeni mwa mdomo, kidogo kidogo, akisubiri ameze. Ghaliya alishika bakuli. Hakuna aliyemwambia alishike, na hakuna aliyemwambia aliache.

Kisha Bwana Thani na Mzee Murshid walimsaidia Lulu kusimama, mmoja kila upande, na Peninah akaanza kumsugua ule ubavu uliovimba kwa kiganja chake, akienda juu na chini, huku akimwimbia kitu cha kwao kisicho na haraka. Walimtembeza hatua kumi, wakapumzika, wakamtembeza tena. Jawaher aliitia simu mfukoni na kwenda kungoja langoni ili amwonyeshe daktari njia.

Daktari Kawthar alifika jua likiwa limekaribia milima. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono ya haraka. Alipitisha mpira mwembamba mdomoni mwa Lulu mpaka tumboni, akangoja. Hapakutokea kitu. Akausogeza kidogo, akalibonyeza tumbo, na hapo Lulu akateuka mteuko mmoja mrefu wa hewa, wenye harufu ya hamira, ambao kwa mgeni wa barazani ungekuwa aibu kubwa.

"Alhamdulillahi," walisema wote kwa pamoja, na Peninah akasema amina.

Tumbo lilianza kulegea. Daktari alisikiliza kifua cha Lulu, kisha akaweka kipimo chake chini zaidi, akasikiliza kwa muda mrefu. Ghaliya alihesabu pumzi zake mwenyewe. Hatimaye daktari alisema mtoto yuko hai, moyo wake unakwenda mbio lakini unakwenda. Usiku huo Lulu asipewe chakula, na kesho yake atarudi kumwangalia.

"Nyinyi mngempa mafuta na kukaa mkinisubiri," aliongeza akiwa anafunga mkoba wake, "ningemkuta amekufa. Yeye na mtoto."

Walisali magharibi pale shambani. Walipomaliza, Mzee Murshid alimwita Peninah barazani, mbele ya wote.

"Nimekukosea," alimwambia. "Nilikuhukumu kabla sijajua. Na nilikuhukumu mbele ya watu, basi na msamaha nakuomba mbele ya watu."

Peninah aliinama kidogo. Alisema kwamba siku ile ya majani mabichi kosa lilikuwa lake kweli, ila leo halikuwa. Akashukuru. Mzee Murshid akamwambia habari ya kuzungumza kesho imekwisha, hakuna cha kuzungumza.

Ndipo Ghaliya alipokwenda mbele ya Peninah. Alikuwa amepanga maneno mengi, na yote yakampotea. Alisema tu kwamba alimwona akilaumiwa na akanyamaza, na kwamba huko kunyamaza kunamuuma kuliko mikate. 

"Ulinyamaza," alisema Peninah. "Halafu ukaongea kama bado kuna wakati. Wengine wanangojea mpaka wakati uishe. Nimekusamehe, lakini bango usome siku nyingine, sawa?"

Ghaliya aliahidi. Sasa kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi. Bi Nasriya alikuwa ameketi pembeni, mkebe mtupu mapajani. Ghaliya aliketi chini, karibu na miguu yake, akamwambia yote tangu mwanzo: konzi moja aliyoiona ya ubahili, ile pua kiganjani, na namna alivyosubiri Lulu aonyeshe kwamba ametosheka. Akamwambia na uongo wa sinia. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke.

Bi Nasriya alisikiliza mpaka mwisho, akamfuta uso kwa ncha ya leso yake.

"Uongo umenikera," alisema. "Nikaringa na mkebe mtupu mbele za watu kama mpumbavu. Hilo nnakwambia wazi, limenikera. Lakini la mikate, mie na wewe tunalibeba pamoja. Nilikufundisha umimine mpaka mgeni atikise. Sikukwambia kuwa yule anayetikisa ni mtu, ana akili ya kujua tumbo lake. Swala hatikisi kikombe, mjukuu wangu. Anakula kwa kukuamini. Kipimo chake anacho yule anayemtunza, ndiyo maana wakaandika bango. Ukarimu usiojua mgeni wako ni nani, huo si ukarimu, ni kujifurahisha mwenyewe."

Akaushika mkono wa Ghaliya.

"Na jambo jingine. Swala hana ulimi wa kusema amekula nini. Yule mwanamke alikuwa nao ulimi, lakini hakuna aliyemwamini. Wote wawili, wa kuwasemea alikuwa mmoja tu, ni wewe. Ukweli ulikuwa mkononi mwako kama dawa. Dawa haifai kitu ikikaa ndani ya chupa. Leo umeitoa, na kwa hilo mie nakushukuru."

Walirudi Maskati usiku huo. Ijumaa iliyofuata Ghaliya alimimina kahawa kama kawaida, ila kila kikombe kilichotikiswa kilimkumbusha kizizi chini ya mgunga. Kila jioni Mzee Murshid alikuwa akipiga simu kumpa habari: Lulu amekula, Lulu anatembea, Lulu leo amempiga Peninah teke, basi ni mzima. Mwanzoni mwa Januari alipiga simu asubuhi sana, akicheka kwa sauti. Lulu amezaa. Ni jike, miguu mirefu kuliko akili.

Wakaenda kumtazama Jumamosi yake. Mtoto alikuwa amejikunja kivulini, masikio makubwa kuliko uso, na Lulu alisimama mbele yake akiwakagua wageni. Bi Nasriya alikuwa ameleta mikate ya ufuta, na safari hii mkebe aliushika mwenyewe.

Peninah alichota majani makavu, konzi moja, akamtilia Ghaliya kiganjani. Ghaliya alinyoosha mkono, vidole vikiwa vimebana. Lulu alisogea, akanusa, akala. Majani yakaisha. Akakilamba kiganja, akainua macho yake meusi, akangoja.

Ghaliya alimtazama. Alitamani kumpa zaidi, na hakujificha kwamba anatamani. Kisha, kwa kuwa Lulu hakujua kutikisa, akamfanyia yeye: aliuinua mkono wake mtupu, akautikisa taratibu, kulia na kushoto, kama mtu anayerudisha kikombe. Peninah akacheka, akaichukua ndoo, na wote wakaondoka pale kizizini wakamwacha mama na mwanawe wapumzike.